Mtoto Aitwaye Yumo

Uliyaona yale mabati, usinidanganye. Unapita pale kila siku ukitoka kazini, nyuma ya kiwanda cha ngozi, mahali ukuta ulipobomoka na pakazibwa kwa waya. Uliyaona mabati yamelazwa juu ya shimo la mwisho. Ukamwona mlinzi amewekewa kiti kando yake, ukajiuliza tangu lini shimo likalindwa. Halafu ukafunika pua, ukageuzia uso upande wa barabara, ukaongeza mwendo. Nyumbani ulipoulizwa habari za huko ukasema njema tu. Na uliposikia jina la mtoto wa jirani yangu, ulicheka. Ulisema watu wa kota nao kwa majina ya vituko hawajambo. Basi kaa chini nikwambie jina hilo limetoka wapi na maana yake nini, na unisikilize haraka, kwa sababu muda tulio nao ni wa usiku huu tu.

Sisi watu wa kota za kiwanda tuna namna yetu ya kuwaita watoto wa kiume. Wasichana tunawapa majina mazuri kama watu wengine wote. Kiwanda hakijawahi kumshusha msichana shimoni. Mvulana ndiye atakayeshuka siku moja, kwa hiyo mvulana ndiye anayebebeshwa habari.

Yule kijana anayepita na baiskeli ya madumu ya maji anaitwa Kengele. Alizaliwa wiki ile tuliyogoma mpaka tukawekewa kengele ya hatari kwenye mashimo. Meneja wa wakati ule akaondoka, akaja mwingine, kengele ikang'olewa eti inawashtua wageni. Tulipoidai, meneja mpya akatuuliza: kengele ipi? Alitutazama machoni kabisa akauliza hivyo. Tukaenda kumleta mtoto, kimo chake kinafika magotini, tukamsimamisha mbele ya meza.

"Unaitwa nani wewe?" meneja akamuuliza.

"Kengele."

"Kwa nini Kengele?"

"Kwa sababu mliing'oa."

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameyasikia tu nyumbani watu wakila. Kengele haikurudi, sikudanganyi, lakini tangu siku hiyo hakuna meneja aliyethubutu kusema haikuwahi kuwepo.

Yupo Zamu, ambaye baba yake alizuiliwa zamu juu ya zamu, akaja kumwona mwanawe kitovu kimeshakauka na kuanguka. Yupo Barakoa. Huyo alizaliwa siku tulipogawiwa barakoa za kuzuia moshi wa dawa, tukapigwa picha na wageni, na wageni walipotoka getini likapitishwa tenga tuzirudishe. Shuleni mwalimu alimwonea huruma akawa anamwita Baraka. Mtoto akawa haitiki. Yupo Mlango, aliyezaliwa baada ya moto wa ghala la ngozi kavu. Huyo simwelezi zaidi. Mama yake yu hai, na anajua kusoma.

Utaniuliza kwa nini tusiandike mambo haya kwenye karatasi kama watu wastaarabu. Tuliandika. Karatasi za kiwanda zina tabia ya kuungua, na mafaili yao huliwa na mchwa kila kesi inapokaribia kusikilizwa. Mtoto haliwi na mchwa. Mtoto anakua, anaota ndevu, anaajiriwa, na kila anapojitambulisha mkubwa mmoja anakohoa.

Sasa nije kwa Yumo.

Hujawahi kufanya kazi kwenye mashimo ya chokaa, kwa hiyo nakueleza. Ngozi mbichi hulazwa humo ili manyoya yatoke. Chini kabisa hujikusanya tope, na tope hilo lazima mtu ashuke na sepetu na ndoo akalitoe. Tope likikaa muda mrefu linatoa hewa mbaya. Mwanzo inanuka kama yai viza. Halafu pua inazoea, inakufa, unaona harufu imekwisha, unafurahi. Ukifurahi tu umekwisha wewe. Ndiyo maana anayeshuka hufungwa kamba kiunoni, na juu husimama mwenye kamba, ambaye kazi yake ni kutazama na kuvuta. Upande wa pili wa ukuta yupo mtu wa koki. Huyo halioni shimo. Kabla hajafungulia maji, anauliza kwa sauti: "Yumo?" Mwenye kamba akijibu "Yumo," ile koki haiguswi, hata mwenye kiwanda awe amesimama pale na saa yake mkononi. Aliyeshuka akitoka, akasimama sakafuni kwa miguu yake miwili, mwenye kamba anasema: "Katoka."

Na hilo la pili halisemwi ovyo. Anayelisema ni yule aliyemwona kwa macho yake. Kuna mtu mmoja alilisema huku anakunywa chai, kichwa kimegeukia kwingine. Hakuna baya lililotokea, mwenzake alikuwa tayari ameshika ngazi. Lakini hakuna aliyekaa naye tena wakati wa kula, hakuna aliyempa kiberiti, hadi akaomba mwenyewe kuhamishiwa kwenye banda la kukaushia. Kule shimoni hatuna kiapo kingine. Tuna watu wa kila dini na wasio na dini, waliogombea wanawake, waliokopeshana wakadhulumiana, na wote neno hilo walilitunza.

Jirani yangu tulimwita Ngazi kwa urefu wake. Tulimtania kwamba kampuni imepata nafuu, huyu hahitaji kushushiwa ngazi nyingine. Alikuwa mcheshi wa pole pole, anayecheka wakati wenzake wameshamaliza kucheka. Mwenye kamba wake kwa miaka mingi alikuwa mtu mmoja ambaye sasa ni nyapara wetu. Alikuwa mwenye kamba wangu pia, kabla sijafukuzwa kwa sababu ya mdomo. Walikuwa wakila sahani moja na Ngazi. Mama yake Ngazi alikuwa akimwita mwanangu wa pili. Halafu akapewa filimbi na koti safi.

Mwaka huu ofisi ikaamua kwamba kumlipa mtu asimame ameshika kamba ni kulea uvivu. Wenye kamba wakapelekwa kupakia magari. Mtu akawa anashuka peke yake. Tukapiga kelele, tukaambiwa tukapige nje ya geti, na mimi ndipo nilipoanzia kupigia huko.

Asubuhi moja Nyapara alimwambia Ngazi ashuke shimo la mwisho, lile lililokaa bila kuguswa tangu mvua zilizopita. Mwanamke aliyekuwa akiosha ngozi ng'ambo alimwona akivua shati, akilitundika kwenye msumari, akishuka. Akaendelea kuosha. Baadaye akamwona Nyapara amesimama ukingoni anaita. Akaita mara ya pili. Kisha akakimbia, si kutafuta kamba, akakimbilia ofisini. Watu wa upande ule wote wakaambiwa leo mapumziko, nendeni nyumbani, na mtalipwa siku nzima. Ulishaona wapi kiwanda kile kikitoa mapumziko? Walipokuwa wakitoka, shati halikuwapo tena kwenye msumari. Jioni mabati yakalazwa.

Kesho yake tukatangaziwa kwamba Ngazi ameacha kazi bila kuaga, ameruka ukuta na kwenda kutafuta maisha kwingine. Polisi waliitwa. Waliingia ofisini, wakanywa soda, wakaandika walichosomewa. Na mke wake alikuwa na mimba ya miezi yote. Mwanamume aache mke katika hali hiyo, aache na viatu vyake chini ya kitanda, aende kutafuta maisha kifua wazi.

Kwa nini wanamficha? Akitolewa, ataulizwa mwenye kamba yuko wapi. Na jibu la swali hilo limetiwa sahihi ofisini na watu ambao majina yao yako kwenye milango.

Mtoto alizaliwa hazijapita wiki mbili tangu siku hiyo. Bibi mzaa baba ndiye aliyempeleka mkwewe hospitali, nami nilibeba beseni. Muuguzi alikuwa mchangamfu.

"Dume hilo. Tuandike nani?"

"Yumo," akasema mama mtoto.

"Yumo. Sijawahi kulisikia. Ni jina la ukoo?"

"Ni la kazini kwa baba yake."

"Na baba yuko wapi aje amwone?"

Shemeji yangu, huyo mama mtoto, alimtazama muuguzi, akamtazama mtoto. "Umeshaliandika, dada. Lisome."

Muuguzi akasoma alichoandika. Uchangamfu ukamtoka. Alikuwa na kaka yake pale pale kiwandani, kwenye banda la rangi.

Ungekuwepo ukaona jina lile lilivyofanya kazi. Kota zetu ni vyumba vinavyotazamana, bomba la maji moja katikati, na ukuta wa kiwanda unapita mgongoni mwa vyoo. Mtu akiita kwetu, kiwandani wanasikia. Alfajiri utasikia: "Yumo ameamka?" "Yumo kalala." "Yumo ana homa leo." "Mpeni Yumo maji." Wanawake bombani, watoto wakicheza, wote midomoni jina hilo hilo. Mtu wa koki aliniambia kuna siku alikaa muda mrefu ameshika gurudumu la koki bila kulizungusha, mpaka akaja kutukanwa. Alikuwa amesikia bibi akimbembeleza mjukuu.

Ofisi nayo ikasikia. Ndipo mchanga ukamwagwa karibu na shimo la mwisho. Ukafuata kokoto. Ikafuata mifuko ya saruji, ikapangwa na kufunikwa turubai. Na jana mchana tukapata wageni.

Nilikuwa chumbani kwao, nimekwenda kutengeneza jiko lao la mafuta lililokuwa linatoa moshi. Chumba ni kimoja. Kitanda, pazia, kamba ya nepi kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda, na kalenda yenyewe ni ya kiwanda. Bibi alikuwa kwenye kigoda, vidole vyake vya manjano hadi leo kwa dawa ya ngozi aliyoisugua ujana wake wote. Mama mtoto alikuwa akinyonyesha.

Hodi ikapigwa. Akaingia afisa ustawi wa kiwanda, dada mmoja kijana mwenye marashi, mkoba kifuani kana kwamba chumba kitamwibia. Nyuma yake Nyapara, kofia mkononi.

"Karibuni," Bibi akasema. "Kama mtapata pa kukaa."

Dada wa ustawi akakaa ukingoni mwa kitanda. Nyapara akabaki mlangoni.

"Na wewe kaa," Bibi akamwambia. "Kitanda hicho umekikalia miaka mingapi ukimaliza chakula changu? Leo kimeota miiba?"

"Kusimama kunanitosha, mama," akasema.

"Nikusikie. Bado unaniita mama."

Dada wa ustawi akatoa tabasamu la kikazi. "Mama mzazi, hongera sana. Kampuni imefurahi mno."

"Inafurahia kwa kiungo gani?" Bibi akauliza.

"Bibi nawe mcheshi."

"Nimeuliza tu. Mimi nina roho, nafurahia kwayo. Sasa kampuni sijui."

Dada akaamua kuzungumza na mama mtoto peke yake. Akasema wamesikia kuhusu jina. Jina si kitu cha mzaha, mtoto atalibeba maisha yote, atachekwa shuleni, ataombea kazi na jina hilo nani atampa. Akafungua mkoba, akatoa kijitabu kina picha ya mtoto mnono kwenye jalada.

"Nimekuletea zawadi. Humu mna majina ya watoto wa kiume, adimu yote, si yale ya kila mtaa. Na kila moja limeelezwa asili yake na maana yake. Hili limetoka nchi za baridi, maana yake mfalme asiyeshindwa. Hili, mwewe wa alfajiri. Hili limetoka visiwani, maana yake zawadi iliyoshuka kutoka mawinguni."

"Visiwa gani?" nikamuuliza.

"Visiwani," akasema. Kisha akanitazama vizuri. "Na huyu kaka ni nani?"

"Jirani."

"Huyo ndiye Kipaza," Nyapara akasema, macho yake kwenye sakafu. "Yule tuliyemwachisha kazi."

"Mlinifukuza. Uongo mwingine bakisheni wa kesho."

"Humo kitabuni," Bibi akauliza, "kuna jina lenye maana ya mtoto wa kota aliyenyimwa baba?"

Unajua yule dada alifunua ukurasa kabla hajastuka? Angetafuta kweli. Akakifunga kijitabu, akakiweka mapajani mwa mama mtoto, akasema lililomleta. Kampuni ina moyo. Mama ataachiwa chumba hiki. Atapewa kazi kwenye banda la kuchambua ngozi, kazi ya kukaa. Mtoto atasomeshwa. Kampuni inaomba mambo mawili madogo. La kwanza, jina libadilishwe na mtoto asiitwe tena lile. La pili, aweke dole gumba kukubali kwamba mume wake aliondoka kwa hiari yake. Asipotaka, chumba ni cha wafanyakazi, na nyumba hii haina mfanyakazi tena. Kesho jioni kiwe wazi.

Akatoa kidau cha wino, akakifunua.

Nikamtazama shemeji yangu. Alikuwa ameshika kijitabu anafunua kurasa, moja moja, kwa makini. Hapo ndipo nilipoogopa. Hasira hainitishi, na vitisho vya ofisi nimevila mpaka nimevizoea, lakini mwanamke aliyejifungua juzi, asiye na pa kwenda, anayesoma maana ya mwewe wa alfajiri, ningemwambia nini? Nimwambie akatae ili mimi nipate la kuhutubia? Nikafunga mdomo. Bibi naye akafunga wake.

"Majina ni mazuri," mama mtoto akasema mwishowe.

"Si ndiyo," dada akasema.

"Nimekubali. Nabadilisha."

Bibi aliweka kiganja kifuani.

"Mimi silipendi jina lile," mama mtoto akaendelea, sauti yake ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya mboga. "Mnadhani nalipenda? Kila nikimwita nimnyonyeshe, ni kama mtu amenikanyaga hapa. Nataka mwanangu aitwe mfalme. Lete huo wino. Lakini Yumo haifutwi kwa wino." Akageuza uso mlangoni. "Kaka. Kule kwenu Yumo huwa inaisha vipi?"

Nyapara akaitazama kofia mkononi mwake.

"Wewe ndiye mwenye kamba wake. Mimi mume wangu alinieleza, kila siku alikuwa ananihadithia mambo yenu. Yumo huisha mwenye kamba akisema neno lile jingine. Basi liseme. Liseme hapa mbele ya mama, mimi nachovya kidole, mtoto anaitwa upendavyo, nanyi mnakwenda zenu."

Dada wa ustawi akacheka kwa kuona mambo yamekuwa mepesi. "Neno gani hilo? Hebu mwambie tuondoke."

Nyapara akatikisa kichwa. "Shemeji, yule aliondoka. Aliruka ukuta. Mbona mmeshaelezwa."

"Sikukuuliza hilo. Aliondoka ni maneno ya ofisini, hata huyu dada anaweza kuyasema. Nataka neno lenu."

"Katoka?" dada akasema. Alikuwa amewahi kulisikia kupitia dirishani, nadhani. "Ni hilo? Haya, katoka. Nimesema mimi."

"Wewe hukuwepo, mwanangu," Bibi akamwambia kwa upole kabisa.

Kisha Bibi akainuka. Magoti yake mabovu, alijishika ukutani, akaenda hadi mlangoni akasimama mbele ya Nyapara, kichwa chake kinaishia kwenye kifungo cha pili cha lile koti safi.

"Mwanangu wa pili," akasema, "sema. Mimi sitakuchukia. Nitashangilia. Nitajua yuko njiani mahali fulani, mjinga yule, anakula kwa watu, kamkimbia mkewe kama baba yake alivyonikimbia mimi. Nitamtukana mpaka nife, na nitakuwa na furaha. Niambie ulimwona kasimama kwa miguu yake miwili. Sema Katoka."

Nimemfahamu mtu yule tangu tukiwa hatuna ndevu. Nimemwona akiapa uongo kortini kwa kushika kitabu kitakatifu, bila kutetemeka. Nimemsikia akiwadanganya wakaguzi, akiwadanganya polisi, akitudanganya sisi. Alifungua mdomo. Niliuona ulimi wake ukipanda kulitafuta lile neno. Ukashuka. Akajaribu tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Si useme tu," dada wa ustawi akamhimiza. "Neno moja."

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini huwezi?"

Nyapara alikuwa akimtazama Bibi. Mama mtoto akamlaza mwanawe begani, akamuuliza kutoka pale kitandani, kwa ile namna ya mtu wa koki, sauti imenyooka, haina kilio: "Yumo?"

Mkono wa kulia wa Nyapara ukakunja ngumi, kama umeshika kamba.

"Yumo," akajibu.

Hakulia mtu. Ungetegemea vilio, lakini tulikuwa tumeshalia kabla. Bibi alirudi kwenye kigoda chake akakaa. Dada wa ustawi alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui kilichosemwa, ila anajua kuna kitu kimesemwa. Akafunika kidau cha wino. Akasahau kijitabu.

"Kesho jioni chumba kiwe wazi," akasema akitoka. Ndilo pekee alilobaki nalo.

Nyapara alichelewa kidogo kugeuka. "Gari la zege linaingia alfajiri," akasema kwa sauti ya chini. "Geti la nyuma. Likishamwaga, hakuna atakayeruhusiwa kuvunja. Wanajenga choo cha wageni juu yake." Akavaa kofia, akaondoka.

Usiniambie sasa ana moyo mzuri. Kabla ya jioni alikuwa ameshaitwa ofisini, na aliyemwona akitoka anasema alitoka na uso wa mtu aliyesahau kila kitu. Ukimwita polisini atakana. Ukimwita kortini atakana, na ataapa vizuri sana. Aliyoyasema chumbani mle tuliyasikia watu wanne na mtoto mchanga, na mmoja wetu analipwa na kampuni. Ndiyo maana sikuja kwako na habari za mahakama. Mahakama ina siku zake. Zege lina saa chache tu.

Anachotaka mama mtoto si kikubwa. Anataka mume wake atolewe shimoni, azikwe kama mtu. Anataka bibi ajue mahali pa kwenda kukaa na kuongea na mwanawe. Na anataka, siku mtu mwenye haki ya kulisema akilisema, mwanawe apate jina jingine. Kile kijitabu bado kiko chini ya godoro, amekunja kona ya ukurasa mmoja. Hajaniambia ni ukurasa upi.

Basi kazi ni yako. Wewe dereva wa gari la zege, nakujua, unapaki kwenye kituo cha mafuta na unakunywa chai kabla ya zamu: chai hiyo iendelee mpaka jua lichomoze. Wewe unayechanganya saruji, sepetu yako leo imevunjika mpini. Wewe mtu wa koki, unajua wajibu wako kuliko ninavyoujua mimi. Wewe fundi magari, lete ile kamba nene ya kuvutia magari mabovu. Muuguzi, njoo na machela, na vitambaa vya kufunika pua, kwa sababu tutakaoshuka tutaifuata hewa ile ile. Mwalimu, wewe unajua kusema na polisi kwa lugha wanayoiogopa, simama mbele. Na wewe usiye na kazi yoyote ya kufaa, una miguu. Miguu mia mbili ikisimama ukingoni mwa shimo, gari haliwezi kurudi nyuma likamwaga.

Usije na mawe. Usimguse mlinzi, ni mtoto wa watu, amewekwa tu. Yainueni mabati, mkae ukingoni, na msiondoke hadi Ngazi awe sakafuni mbele ya mama yake.

Utasema utafikiri. Uliposema hivyo mara ya mwisho tulimpata Mlango. Gari limeshaanza kupakia, kutoka hapa nilipo nasikia kokoto zikiangukia bati. Acha kusoma. Vaa viatu, gonga mlango wa jirani yako, mje geti la nyuma sasa hivi.